Binti kazuiwa mlangoni kwa sababu ya suruali: je, kanuni ya mavazi itatengeneza utamaduni uliobomoka?

Swali: "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana katika parokia moja ya Kianglikana wilayani Masasi. Halmashauri yetu imepitisha kanuni ya mavazi: wasichana wasije na suruali wala skintaiti, wavulana wasije na mlegezo. Mlangoni wamewekwa wazee wawili wenye kanga za kuwafunga watakaokosea. Jumapili ya kwanza tu, binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuja na jinzi na fulana aliambiwa ajifunge kanga au arudi kwao. Akarudi kwao, na mpaka leo hajaonekana. Wenzangu wanasema utamaduni wetu umebomoka, lazima tuanze mahali, na pa kuanzia ni nguo kwa sababu kila mtu anavaa kila siku. Wamenisomea Kumbukumbu la Torati 22:5 nikakosa la kujibu, ila moyo hautulii. Je, Biblia inakataza? Kanisa linaweza kuutengeneza utamaduni kwa nguo? Na huyu binti nifanye naye nini? Nimefikiria hata kujiuzulu ulezi."

Jibu:

Milele, amina.

Dada yangu, nianze kwa kuwatetea wenzako kidogo, kwa kuwa hoja yao si ya kupuuzwa. Imani isiyofika kwenye sanduku la nguo inabaki kuwa imani ya Jumapili. Mtu anavaa kila asubuhi, awe amesali au hajasali, na anachovaa kinasema jambo kuhusu anavyojiona, anavyowaona wenzake na fedha yake inakokwenda. Kwa hiyo wakisema tuanzie kwenye nguo, mimi niko nao. Tunachotofautiana ni hiki: wao wanaona kilichobomoka ni urefu na upana wa nguo. Mimi naona kilichobomoka ni ule mkono uliokuwa ukimpa kijana nguo, ukaishona, ukaitengeneza ikichanika, na ukamfundisha namna ya kuivaa. Mkono huo haurudi kwa kuweka mlinzi mlangoni.

Tuanze na andiko, maana ndilo lililokufunga mdomo.

Kumbukumbu la Torati 22:5 linamkataza mwanamke mavazi yampasayo mwanamume, na mwanamume mavazi ya mwanamke. Ni neno la Mungu, sitalizunguka. Lakini angalia halisemi nini. Halitaji vazi lolote. Katika Israeli ya wakati ule wanaume kwa wanawake walivaa kanzu na kujitanda joho juu yake, na tofauti ilikuwa katika ushonaji, mapambo na namna ya kuvaa. Kinachodaiwa hapo ni kwamba tofauti ya mume na mke aliyoiumba Mungu isifanyiwe mzaha wala hila. Vazi gani linampasa nani, hilo linaamuliwa na mahali. Shuka Mikindani jioni uone wazee waliojifunga misuli wamekaa barazani. Mzungu wa karne ya 19 angesema wamevaa sketi, na hakuna mtu Mikindani ambaye angemwelewa.

Kuhusu suruali yenyewe, nakuomba uwasomee wenzako Kutoka 28:42. Mungu anamwagiza Musa awashonee makuhani suruali za kitani, toka kiunoni hadi mapajani, ili wafunike utupu wao wanapoikaribia madhabahu. Katika Torati, basi, suruali imeletwa kuwa vazi la kujisitiri, tena la ibada. Sisemi kwamba hilo ndilo jibu la jinzi ya kubana. Nasema tu kwamba mtu anayetumia Torati kuihukumu suruali ajue Torati ilimvika nani suruali na kwa nini.

Tena mlango huohuo wa 22, mstari wa 11, unakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Sijapata kusikia mzee wa kanisa anayekagua lebo ya ndani ya koti la mtu. Kama tunachukua mstari wa 5 kama ulivyo na kuuruka wa 11, tunadaiwa maelezo, na maelezo hayo yatatulazimisha kutafuta nia ya sheria, hapohapo nilipokuwa nakupeleka.

Wenzako watakuja na 1 Timotheo 2:9, na hapa nataka uwe tayari, kwa sababu andiko hili linakata pande mbili. Paulo anataka wanawake wajipambe kwa mavazi ya kujisitiri, pamoja na adabu na kiasi. Hilo lipo, na msichana anapaswa kufundishwa. Lakini endelea kusoma sentensi hiyohiyo: anayoyakataza kwa kuyataja ni nywele za kusukwa, dhahabu, lulu na nguo za thamani. Hofu ya Paulo iko kwa mwanamke tajiri anayeingia ibadani kuonyesha mali. Sasa tazama kanisani kwenu. Yule binti alikuja na jinzi ya mtumba na fulana. Kiti cha mbele wamekaa kina nani, na wamevaa nini? Yakobo 2 inaeleza jambo hili kwa namna isiyoachia mtu nafasi: anaingia mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaambiwa keti hapa mahali pazuri; anaingia maskini mwenye nguo mbovu, anaambiwa simama pale. Wapokezi wa mlangoni wanaotajwa katika Agano Jipya kwa kupanga watu kwa mavazi ndio hao, na Yakobo anawaita waamuzi wenye mawazo mabaya.

Na kabla ya yote hayo kuna Mwanzo 3. Adamu na mkewe wanashona majani ya mtini. Hiyo ni nguo ya woga, nguo ya kujificha. Mungu anawahukumu, hukumu nzito, na yuko karibu kuwatoa bustanini. Katikati ya hukumu na kufukuzwa, mstari wa 21, anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Anawavika kwanza, ndipo anawatoa. Kanuni yenu inafanya kinyume: inamtoa kwanza, na kuvaa atajua mwenyewe. Utasema aliletewa kanga. Ni kweli, lakini kanga inayoshikwa na mzee wa kiume mlangoni mbele ya wenzake wa shule si zawadi. Kila aliyekuwa foleni alijua imeletwa kwa ajili ya mkosaji.

Sasa tuje kwenye huo utamaduni uliobomoka. Wenzako wanazungumza kana kwamba ulikuwa mzima mpaka simu za kisasa zilipoingia Masasi. Watoto wasisingiziwe. Nguo katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, ina majeraha ya zamani kuliko yeyote katika halmashauri yenu.

Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Katika njia hizo za misafara fedha ilikuwa kitambaa: merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, na kaniki, kitambaa cheusi. Watu walibadilishwa kwa majora. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, wakashukia Lindi, wakapanda bara, wakaishia Masasi. Ndio mwanzo wa Kanisa lenu. Limeanzishwa na watu ambao thamani yao iliwahi kupimwa kwa pima za nguo. Ukiwa na muda, waulize vijana kama wanajua hilo. Wengi hawajui.

Kisha mwaka 1905, Julai, Wamatumbi wa Nandete katika Kilwa waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Pamba ile haikuwa ya kuwavika Wamatumbi. Mwaka huohuo misheni ya Masasi nayo ikavamiwa.

Na hiyo kanga inayosubiri mlangoni? Ilianza kuvaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikichapwa ng'ambo na kuletwa na meli. Zanzibar watumwa walivaa merikani na kaniki, wakatembea peku na kichwa wazi. Baada ya utumwa kufutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wanawake wengi waliachana na kaniki wakaishika kanga, kwa sababu kanga ilisema: mimi sasa ni mtu huru, hunitambui tena kwa nguo ya bwana. Kitenge nacho kina safari ndefu: nakshi za batiki ya Java zilinakiliwa katika viwanda vya Uholanzi, zikauzwa Afrika Magharibi, zikatufikia. Mababu wa bara yetu walivaa magome ya miti na ngozi. Bibi zetu wa Kimakonde walichanja nembo usoni, wakatoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, na hilo ndilo lililokuwa pambo la mwanamke mwenye heshima zake. Mjumbe gani wa halmashauri anaomba ndonya irudi?

Siudhihaki utamaduni. Ninachosema ni kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa kinabadilika kila wakati, na watu wetu waliyapokea mabadiliko hayo bila kubomoka. Tena wanawake wale wa Zanzibar wananifanya nimtazame binti wako kwa jicho jingine. Msichana wa kidato cha tatu aliyekusanya fedha yake akanunua jinzi naye anatafuta heshima. Huenda anaitafuta pasipo. Lakini kabla hujamvua, ujue anatafuta nini.

Basi kama si kitambaa, nini kiliwashika watu? Hapa ndipo kusini tuna utajiri ambao kanisa linaupita bila kuutazama.

Kwa Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, mtoto hakuwa wa baba na mama peke yao. Alikuwa na mjomba, mwenye sauti kubwa kuliko baba katika mambo mengi. Akifika umri alikuwa na somo au kungwi wa kumfunda. Kijana akitoka jandoni, kambi inachomwa moto, nguo za utoto zinaachwa hukohuko, anarudi nyumbani amevikwa nguo mpya. Mwali naye akitolewa, amevalishwa. Nguo hiyo haikutoka hewani. Ilitoka kwa mtu anayemjua kwa jina, aliyekaa naye siku kadhaa akimwambia mwili wake ni wa thamani gani, nani anaruhusiwa kuuona, na atafanya nini akikutana na mtu asiye na heshima. Kitambaa kilikuja mwishoni, baada ya maneno. Kwa hiyo alipovaa alikuwa amevaa na hayo maneno.

Wazee wa Kanisa lenu waliliona hilo mapema. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, hakusimama nje ya jando kulilaani. Yeye na mapadre wa Kiafrika waliliingiza Kanisani: sala, mafundisho ya Kikristo na uangalizi, huku wazee wa jando wakibaki na nafasi. Unaweza kubishana na mengi aliyoyafanya, na upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Lakini aliona pale ambapo utamaduni unafundishwa, akaenda kukaa palepale. Halmashauri yenu imekwenda kukaa mlangoni, mahali ambapo hakuna kinachofundishwa.

Taifa nalo limekwishajaribu njia ya mlangoni. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana Dar es Salaam, kuanzia Januari 1969. Waliiita Operesheni Vijana. Lengo lilikuwa kulinda utamaduni wa Taifa. Kilichotokea mitaani ni vijana wa kiume kuwazonga wanawake kwenye mabasi na vituo vyake, hata kuwachania nguo, kwa jina la heshima ya mwanamke. Nakumbusha hili si kwa ajili ya kuwatukana wazee wenu wawili. Nakumbusha kwa sababu ukimpa mwanamume kazi ya kukagua mwili wa msichana hadharani, hata awe mtakatifu, umemfundisha msichana kwamba mwili wake ni mali ya kukaguliwa. Somo hilo ni baya kuliko suruali.

Siku hizi nguo inafika vipi kwa kijana? Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya doti moja ya kanga, mitumba ikamiminika, na viwanda vya nguo vya nchi, kimoja baada ya kingine, vikayumba. Sehemu ya nguo hizo zilitolewa huko ughaibuni kama sadaka. Zinatufikia kama biashara. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kibiashara ya AGOA, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Mlango huo hamuwezi kuulinda ninyi wa Masasi. Siku belo likifunguliwa mnadani, binti anasimama peke yake mbele ya rundo, mia tano hii, elfu mbili ile, hakuna somo, hakuna shangazi, na muuzaji anamwambia kila kitu kimempendeza. Mtu wa kwanza kutoka kanisani kuizungumzia nguo yake ni yule aliyemzuia mlangoni.

Yesu alitoa mfano wa kiraka. Marko 2:21: hakuna anayeshona kiraka cha nguo mpya kwenye vazi kuukuu, maana kile kipya kitalivuta na kulichana zaidi. Alikuwa anajibu swali la kufunga saumu, nalifahamu hilo, lakini alichagua jambo ambalo kila fundi wa Masasi analijua kwa vidole. Mpelekee fundi mzuri suruali iliyotoboka gotini. Hakati kiraka kwenye jora jipya. Anaigeuza suruali ndani nje, anatafuta kitambaa cha ziada kwenye pindo la chini, au anaubandua mfuko wa nyuma. Anakipima kwa kidole kuona kama kimepauka sawasawa na goti. Kimefuliwa mara zilezile, kimerudi kwa kiasi kilekile, hakitavuta. Anakata kwa kuacha ziada ya kukunja, anakipachika kwa ndani, anapita cherehani kuzunguka, halafu anapita tena kwa kwenda na kurudi juu ya nyuzi zilizochakaa mpaka zishikane. Pasi ya mkaa inamalizia. Ukiangalia kwa mbali huoni.

Kanuni yenu ni kiraka cha jora jipya. Imekatwa kikaoni, haijafuliwa na maisha ya hao vijana, ikashonwa siku ya kwanza ikachana. Kiraka chenu kimo ndani ya nguo yenyewe: wajomba wako hai, kina mama waliofundwa wako hai, cherehani ziko kwenye varanda za wakristo wenu. Kateni hapo.

Dorkasi alifanya hivyo. Matendo 9: mwanamke wa Yafa, mwanafunzi, anakufa. Petro anapofika, wajane wanamzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona Dorkasi alipokuwa nao. Luka hatuambii nguo hizo zilikuwa ndefu kiasi gani. Anatuambia nani alizishona na akina nani walizivaa. Wale wajane walikuwa mwilini na ushahidi wa kupendwa. Kama kuna andiko moja la kuwekea msingi huduma ya mavazi Masasi, chukua hilo, na liunganishe na Isaya 58, ambapo anayemvika aliye uchi ndiye baadaye anaitwa mwenye kutengeneza mahali palipobomoka. Mmekuwa mnauliza habari ya kutengeneza kilichobomoka. Nabii ameiweka baada ya kuvika, katika mlango huohuo.

Hapa niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha kina mama wenzako. Kuna vazi linalobomoa familia za Mtwara na Lindi kuliko suruali ya msichana, nalo ni sare. Harusi ina kitenge chake. Kipaimara kina chake. Unyago una chake, na mchango juu. Hata arobaini imeanza kuwa na rangi. Mwenye uwezo anaona ni furaha, na kwa kweli kuna furaha, mimi mwenyewe napenda kuona ukoo umependeza. Lakini mwulize mjane wa Chiungutwa au Lukuledi ameipata wapi hela ya kitenge na ya fundi mwezi wa tatu, wakati minada ya korosho huanza Oktoba. Mara nyingi ameuza kangomba: ameahidi korosho ambazo hata maua bado hazijatoa, kwa bei ya mwenye njaa. Serikali inaikataza biashara hiyo, na bado inafanyika, kwa kuwa aibu ya kukosa sare ni kali kuliko sheria.

Kutoka 22:26-27 inazungumza na hilo moja kwa moja. Ukichukua nguo ya jirani yako kuwa rehani, mrudishie kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ndiyo pekee ya kujifunikia. Atalala na nini? Akimlilia Mungu, Mungu atasikia. Huyu wa kwetu hajaweka nguo rehani apate chakula. Ameweka chakula rehani apate nguo, tena nguo ya siku moja. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, aliwaambia matajiri wake kwamba vazi walilolifungia sandukuni ni la yule aliye uchi. Mimi na wewe tufungue masanduku yetu tuhesabu vitenge vya sare vilivyovaliwa mara moja.

Na tukiwa kwenye vitenge na kanga, nguo ndefu nayo isiaminiwe upesi. Umewahi kuona mama amejifunga kanga mpaka kwenye kifundo cha mguu, amejitanda nyingine, na jina lililoandikwa mgongoni ni "Hasidi hana sababu", akapita polepole mbele ya nyumba ya jirani yake kwenda kwenye Meza ya Bwana? Kwa kipimo cha mlangoni amepita. Kwa Mathayo 5:23 angeiacha sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza.

Sasa usinisome kana kwamba nasema kila mtu avae apendavyo. Tunaishi na majirani Waislamu, na pwani ndio wengi. Tunabadilishana nao futari na wali wa Krismasi. Mkristo anayetembea barabarani kwa namna inayowaudhi bila sababu anapungukiwa upendo, awe mvulana wa mlegezo au msichana wa skintaiti. Paulo alikuwa tayari kuacha hata nyama kwa ajili ya dhamiri ya mwingine. Vijana wanaweza kuambiwa hayo, na wanaelewa, wakiambiwa na mtu aliyewahi kuwashonea kitufe.

Kwa hiyo hiki ndicho ningependekeza ukipeleke kikaoni, badala ya kujiuzulu.

Desemba shule zimefungwa, korosho zimelipa, na ngoma za unyago zimeanza. Fedha nyingi ya nguo ya mwaka mzima inatoka mifukoni majuma hayo. Ombeni cherehani mbili tatu kwa kina mama, ziwekwe kwenye ukumbi wa parokia mchana, fundi mmoja apewe posho ya kueleweka (asifanye kazi ya bure kwa sababu ni ya Mungu, Bezaleli katika Kutoka 35 alijazwa Roho kwa ajili ya ufundi, na hatuambiwi kwamba alilala njaa). Vijana waje na nguo zao za mitumba. Wajifunze kupunguza kiuno badala ya kufunga mkanda uliolegea, kushusha pindo, kubadilisha zipu, kuweka kiraka, kulifumua gauni kubwa la mtumba na kupata sketi mbili za wadogo zao. Wavulana wasikae pembeni: Paulo alishona mahema. Kazi kama hiyo inaweka watu wa rika mbalimbali kichwa kwa kichwa juu ya kitambaa, na hapo maneno ya somo na ya mjomba yanapata pa kupita bila mtu kuita semina. Msichana anayeinama kwenye cherehani ndiye atakayekwambia mwenyewe kwamba ile blauzi inampanda juu. Mwenzake atamwongezea kipande.

Nguo zisizo na mwenyewe zitengenezwe zigawiwe, lakini zipelekwe nyumbani, jioni, bila picha na bila kutangazwa madhabahuni.

Kuhusu sare, ombeni halmashauri ikubali jambo moja dogo: kwenye sherehe za Kanisa mtu avae sare yoyote aliyokwisha kuwa nayo. Mtapata upinzani. Anzeni na kipaimara, kwa kuwa hicho kiko mikononi mwa parokia. Harusi zina mashangazi na hamtawaweza mwaka huu.

Wazee wawili wa mlangoni wasifedheheshwe. Wabaki kama wapokezi, wasalimie watu, wawatafutie wageni viti. Kanga zihamie sakristia au kwa kina mama, ziwe za mwenye mtoto aliyechafuka, aliyelowa mvua, anayenyonyesha, na yeyote anayeomba. Kijana akivaa vibaya kwelikweli, aitwe siku nyingine na mtu wa jinsia yake anayemfahamu, waongee wawili.

Na binti. Usisubiri kikao. Nenda wewe, juma hili, na mama mwingine ambaye anaheshimika kwao, wala msiende na kanga mkononi. Mwombeni radhi mbele ya mama yake, kwa niaba ya parokia, kwa kuwa amefedheheshwa mbele ya wenzake. Msiombe radhi kwa mafungu, mkisema "tumekosea, lakini na wewe". Hiyo "lakini" iacheni nyumbani. Muulizeni shule inakwendaje. Kama ana mjomba karibu, pitieni kwake mkampe salamu, ajue mtoto wake anatafutwa. Mkiondoka, mwambie kuna cherehani itakaa ukumbini Desemba na unahitaji mtu wa kukusaidia kuorodhesha majina. Huenda akakataa. Rudi tena baada ya wiki mbili.

Akija Jumapili na jinzi ileile, kaa naye benchi moja.